Wodi Isiyoangusha Mtu

Mzee Makali aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, na hilo alimkumbusha kila aliyepita karibu na kitanda chake, hata mfagiaji. Alikuja na homa ya mapafu, kweli, anakohoa kama mnyororo uliolegea, lakini alikuja anatembea. Kwenye ngazi alikataa hata kushikwa mkono na bintiye. Homa ikaondoka, kikohozi kikapungua, na siku alipojaribu kusimama aende msalani kama mtu mzima, magoti yakakunjika kama nguo iliyolowa. Akarudi kitandani kwa kishindo, akafunua shuka, akayatazama mapaja yake.

Hayakuwa yake. Yake aliyajua. Yalikuwa mapaja ya mnoa visu, yaliyokanyaga pedali tangu ujanani, kwenye ile baiskeli ya kunolea isiyokwenda popote, inayosimama pale pale na kuzungusha jiwe tu. Wachinjaji, wapishi, washonaji, vinyozi, wote walimletea vyuma vyao, ndiyo maana wakamwita Makali. Mapaja yale yalijaza suruali. Haya ya sasa yalikuwa ngozi iliyotundikwa kwenye mfupa, kama shati la mnene alilorithi mwembamba.

"Nani kaninyang'anya miguu?" aliuliza.

"Uzee," alijibu mzee wa kitanda cha jirani. Huyu alikuwa Kinyozi, mteja wake wa siku nyingi, na sasa alikuwa amelala pale muda mrefu kiasi kwamba godoro lilikuwa limeshika umbo lake.

"Uzee nilikuja nao. Tulikuja tunatembea wote wawili."

"Basi uliza ukutani."

Ukutani kulikuwa na cheti kwenye fremu, kinang'aa kuliko sahani za wagonjwa. Wodi ilikuwa imesifiwa na wakubwa kwa sababu mwaka mzima hakuna mgonjwa aliyeanguka. Sista Mkuu, mwanamke mnene wa hatua nzito, alikipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Hapa kwangu haanguki mtu, babu," alimwambia Makali.

"Makaburini nako haanguki mtu. Halafu mimi babu yako kwa upande gani, wa baba au wa mama?"

Kinyozi alicheka mpaka akapaliwa. Sista hakucheka. Alipandisha vyuma vya pembeni mwa kitanda, vikalia ka, akaenda zake.

Hila yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Asiyesimama haanguki. Basi kila mwenye mvi akiingia wodini, vyuma vinapandishwa, chombo cha haja kinaletwa, uji mwepesi analishwa kwa kijiko, shuka inavutwa mpaka kidevuni. Mtu wa mazoezi ya viungo yupo, lakini ni mmoja kwa jengo zima. Akifika anabonyeza goti, anasema "jitahidi, mzee," na kabla hujajua ujitahidi nini keshafika mlangoni. Nyama ya mguu nayo haina subira. Isipotumwa kazi, inaaga.

Makali hakusoma sana. Shule aliiacha angali mdogo, na hajaijutia. Lakini katika somo la wakubwa alijiona profesa. "Hawa wanaogopa kitu kimoja tu, kuulizwa," alimwambia Kinyozi. "Mgonjwa akianguka, wanaulizwa. Mgonjwa akinyauka kitandani kama mchicha juani, nani anauliza?"

"Punguza sauti. Tutanyimwa hata huo uji."

"Na utakosa nini? Maji ya moto yaliyosikia habari za unga?"

Hasira yake ilikuwa na mizizi. Mkewe alilazwa katika jengo hili hili, upande wa wanawake. Aliingia kwa homa kama yake, amebeba beseni lake mwenyewe kiunoni, akamtania mlinzi getini. Walimlaza, wakamwambia asisumbuke, na yeye Makali, mjinga wa mapenzi, akawa anakuja kila jioni kumwambia maneno yale yale: pumzika, mke wangu, umefanya kazi vya kutosha. Homa ilikwisha. Mke alirudi nyumbani amebebwa. Hakusimama tena mbele ya jiko lake, akalala, akadhoofu, akaenda. Hospitali walimwambia ni mapafu. Yeye alijua ni kitanda.

Jioni binti yake alikuja. Alikuwa mshonaji, mwenye nyuzi kwenye gauni na usingizi machoni. Alifungua chupa ya supu, akachota kijiko, akakipeleka mdomoni mwa baba yake.

"Lete hicho kijiko, mama. Mkono wangu haujafa."

"Utajimwagia, baba."

"Nikijimwagia nitalowa. Supu haiui."

Akampa. Nusu ya supu ikaishia kifuani, lakini nusu nyingine ilifika. Binti alikuwa anakunja na kukunjua khanga mapajani mwake, na Makali alimjua mwanawe: kuna neno.

"Sema."

"Nimeongea na mwenye nyumba wako, baba. Anatafuta mpangaji mwingine. Daktari kasema hutasimama tena. Utakuja kwangu, nimeshapima, kitanda kitaingia pale sebuleni. Na ile baiskeli yako kuna mtu kaiulizia."

Makali aliweka kijiko chini. Kile chumba kimoja ndimo alimoishi na mkewe, na nje ya mlango wake ndipo ilipokaa baiskeli ya kunolea.

"Mmenizika, halafu mmekuja kuniaga," alisema polepole.

"Si hivyo. Mimi nataka nikutunze. Nitakulisha, nitakuogesha, hutainua hata kidole."

"Ndivyo tulivyomuua mama yako. Kwa huruma."

Binti aliinamisha kichwa. Kinyozi akageukia ukuta kwa adabu. Ndipo binti akasema, bila kumwangalia baba yake, "Keshokutwa unaruhusiwa. Kabla hatujaondoka, nenda msalani mwenyewe na urudi mwenyewe. Ukifanya hivyo, chumba kitabaki chako. Usipoweza, tunakwenda kwangu, na usinipigie kelele tena."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Tangu hapo Makali akaanza kazi. Kikohozi cha Kinyozi ndicho kilikuwa kengele: akikohoa mara moja, njia nyeupe, akikohoa mfululizo, Sista anakuja. Makali alikanyaga chuma cha miguuni mwa kitanda, mguu huu, mguu ule, kama yuko juu ya baiskeli yake na mchinjaji amesimama pembeni anasubiri panga. Kitanda kililia kwi, kwi. Mapaja yaliwaka moto. Alifurahi yalivyowaka, maana maiti haisikii moto. Aliomba mayai, akala ya kwake na ya Kinyozi. Aliteremsha miguu sakafuni kupitia penye nafasi mwishoni mwa vyuma, akajiinua akishika vyuma, akaketi, akajiinua tena, anatukana wakubwa kwa mpangilio, kuanzia mfagiaji wa ofisi mpaka waziri.

Kesho yake Kinyozi alipitiwa na usingizi. Sista akamkuta Makali amesimama, anatabasamu kama mlevi.

"Unataka kuniharibia kazi?"

"Nataka kutengeneza yangu."

Sista aliita mtu, wakamlaza. Kisha akafanya jambo ambalo hata Kinyozi, mtu wa amani, alilionea kinyaa: akavifunga vyuma na ile nafasi kwa bendeji, fundo juu ya fundo. "Ni kwa usalama wako, babu," alisema, na inawezekana aliamini.

Asubuhi ya kuruhusiwa, Daktari Mkubwa alipita na msafara wake wa makoti meupe. Kiti cha magurudumu kilikuwa tayari miguuni mwa kitanda. Binti alisimama na begi mkononi.

"Huyu anakwenda leo," alisema Sista. "Ndugu wanamchukua. Hatembei."

"Hatembei au hatembezwi?" aliuliza Makali.

Daktari aliinua macho kwenye makaratasi. "Mzee, ukianguka utavunjika nyonga."

"Na nisipoanguka? Mama wa mtoto huyu hakuanguka. Mmemsahau, lakini mimi bado nalalia mto wake. Nifungulieni. Naenda chooni."

Hakuna koti lililosogea. Wote walimtazama Sista, Sista akamtazama Daktari, Daktari akaitazama saa yake. Binti aliweka begi sakafuni. Akainama kwenye bendeji, akaanza kuyatafuta mafundo kwa kucha. Fundo kwa mshonaji ni kitu gani? Bendeji ikaanguka, vyuma vikashuka.

Makali alisimama. Akaachia kitanda. Hatua za kwanza zilikuwa za mtoto, zilizofuata za jongoo, lakini zilikuwa zake. Alifika usawa wa kitanda cha Kinyozi, goti la kulia likamsaliti, na akaenda chini kwa sauti ya gunia.

Sista alikuwa wa kwanza kukimbia.

"Asiniguse mtu," alisema Makali kutoka sakafuni. Hakupaza sauti. "Mwanangu, hata wewe."

Binti alikuwa keshanyoosha mikono. Akairudisha. Akaikumbatia kifuani kama anambembeleza mtoto mchanga, machozi yanamtoka, na hakusogea.

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Makali alijigeuza, akapiga magoti, akashika mguu wa kitanda cha jirani yake. Paja likatetemeka. Akalikanyagisha sakafu. Paja likakataa. Akalitukana, akalikanyagisha tena.

"Vuta, Makali," alinong'ona Kinyozi. "Kitanda hiki hakiendi popote, mimi nimo."

Akainuka. Nusu kwanza, kisha robo tatu, kisha mwili wote. Alisimama pale anahema, damu kidogo kwenye kiwiko, akawatazama makoti meupe mmoja mmoja.

"Sista," Kinyozi alisema kwa upole, "nadhani kuna mtu kaanguka. Cheti kishushwe au tungoje mwaka uishe?"

Makali aliingia msalani, akafunga mlango. Walisikia maji. Maji yakakatika, Daktari akapiga hatua moja. Kisha komeo likafunguka, naye akatoka, mkono ukipapasa ukuta, suruali imefungwa vizuri, akarudi njia ile ile. Hakuna aliyemshika. Binti alitembea nyuma yake, mikono mgongoni, vidole vimefungana.

"Nampigia mwenye nyumba," alisema.

"Mpigie nikisikia. Na huyo wa baiskeli mwambie akanunue yake."

Alipofika kwenye kitanda chake hakukigusa. Wodi nzima haikuwa na viti vya wagonjwa, vilikwishaondolewa ili wazee wasipate cha kuinukia. Ukiacha kile cha magurudumu, kilikuwepo kimoja tu, chenye mto, nyuma ya meza ya Sista. Makali alikwenda mpaka pale, akajishusha taratibu, akakaa, akanyoosha miguu.

"Mzee, hicho ni kiti changu," alisema Sista.

"Najua. Kitanda changu kile pale, kiko wazi. Kalale wewe."