Jogoo Aliyenunuliwa Usingizini

Sifaeli alikuwa dereva wa treni, na kama ulikuwa hujui, ungekaa naye dakika tano tu ukajua. Jumapili hiyo pia, kabla ya ibada, aliwasimulia wazee wa usharika pale Akheri habari za kile chombo kilichofungwa mbele ya kiti chake. Kila baada ya muda kinalia pii, naye ananyoosha mkono na kubonyeza kitufe. Asipobonyeza, chombo kinajua dereva hayuko macho, kinafunga breki chenyewe.

"Kwa hiyo mimi kulala kazini haiwezekani," alisema. "Nikisinzia tu, treni inasimama."

Maneno hayo yalimfurahisha yeye kuliko wasikilizaji, maana walikuwa wameshayasikia mara nyingi.

Baada ya ibada watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama kawaida: ndizi, mayai, maziwa, na safari hii jogoo mmoja mwekundu, mwenye kiburi chake. Mnadishaji alikuwa Mzee Loishiye. Spika yake ya mkononi ilikuwa mbovu. Kila alipoiwasha apate kusema, ilitangulia kulia pii. Sifaeli aliketi kwenye benchi, jua likimpasha mgongo. Alikuwa amerudi safari jana yake, na usingizi ulikuwa haujamtosha.

Pii. "Jogoo huyu, nani anaongeza?"

Sifaeli akanyoosha mkono.

Mama mmoja wa kwaya akapandisha dau. Pii. Sifaeli akanyoosha mkono tena. Watu wakaanza kushangilia, maana bahili yule hajawahi kununua hata yai. Mara ya tatu mama wa kwaya akasalimu amri, na Mzee Loishiye akaja kumwekea Sifaeli jogoo wake mapajani.

Hapo ndipo alipoamka.

Uwanja mzima ulicheka. Mkewe, Ruth, alicheka mpaka kitenge kikamlegea. "Baba Sia, umenunua jogoo usingizini!"

Sifaeli alitaka kucheka, midomo ikakataa. Akautazama mkono wake wa kulia. Alikuwa amelala fofofo, hilo alilijua. Alikuwa hata ameota yuko kwa mama yake, kule Nkoaranga, anachuma kahawa. Na muda wote huo mkono ulikuwa kazini, ukiitikia ile pii bila kumwuliza mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa bado akiutazama mkono ule. Ruth, jogoo kwapani, alimbana mpaka akamweleza.

"Usiende kusema," alisema Ruth. Hakuwa anacheka tena. "Watakutoa kwenye treni. Umebakiza mwaka mmoja tu ustaafu, Baba Sia. Uwe unalala vizuri, basi."

"Kesho nabeba abiria, Mama Sia. Mabehewa manane ya watu."

Aliogopa, tena sana. Tangu ujana hajawahi kuwa kitu kingine ila dereva, na hakujua atawatazamaje wale wazee Jumapili ijayo. Hata hivyo Jumatatu asubuhi na mapema alikwenda stesheni mjini, akagonga mlango wa Ndesanjo, msimamizi wa madereva, aliyekuwa na umri wa kuwa mwanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaeleza yote, jogoo akiwemo. Ndesanjo alianza kutabasamu, tabasamu likaishia njiani. Akavuta karatasi ya safari za siku hiyo, akakata jina la Sifaeli, akaandika la mwingine. Kisha akafungua kumbukumbu za kile chombo, akazisoma kwa muda mrefu.

"Mzee, hakijawahi kukufungia breki hata mara moja. Hakuna dereva mwenye rekodi safi kama yako."

"Najua."

"Sasa umeendesha mara ngapi ukiwa umelala?"

Sifaeli alitaka kusema hajawahi. Lakini akazikumbuka zile safari alizoshtukia ameshafika Usa River, wala hakumbuki daraja lililotangulia, na kila mara alijiambia ni mazoea ya njia tu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nimekuja."