Matanga Yangu ya Jumamosi

Watu wakinisifu kwamba Mwalimu Hilari hagusi pombe, huwa nakereka. Wananipa sifa isiyo yangu. Sifa hiyo ni ya Mzaramo mmoja, mpishi, aliyenifanyia matanga nikiwa hai, mchana kweupe, na kwa kuwa yeye hakujua kuandika, naandika mimi.

Mwaka 1953 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu cha mapadre, Tabora. Jina la chuo naliacha, maana hakikunikosea lolote. Baba yangu, Bernardo, alikuwa mrina asali katika pori la upande wa Igalula, mtu wa maneno machache na mizinga mingi. Mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kushika chaki. Nyumbani walikwisha kuniita mwalimu hata kabla sijasimama mbele ya darasa.

Nilianza kunywa kwa kuonja, kama wenzangu. Jumamosi tulikuwa na ruhusa ya kwenda mjini, na katika mtaa wa Mtendeni alikuwapo mama mmoja, Nyamizi, aliyepika wanzuki, ile pombe ya asali, kwa ustadi ambao hata leo siwezi kuusema vibaya. Wenzangu walikunywa wakaridhika. Mimi sikuridhika. Kufika mwezi wa sita nilikuwa natoroka hata Jumatano, na sikuwa tena na cha kumpa Nyamizi.

Hapo ndipo nilipotunga kikohozi. Nilimwandikia baba kwamba kifua kinanisumbua. Kwetu dawa ya kifua ni asali, na nilijua hatauliza mara mbili. Katekista wa kijijini kwetu akamsomea barua, na baada ya siku chache kibuyu kikaja kwa gari la moshi, kimezibwa vizuri. Nikakipeleka Mtendeni kama kilivyo, Nyamizi akapata asali ya kupikia na mimi nikapata pombe ya kunywa. Kikaja cha pili, kikaja cha tatu. Kila nilipoandika kwamba kikohozi hakijapoa, baba alinichagulia asali bora zaidi, mpaka akafikia ile nyeupe ya maua ya mti wa mtundu, ambayo mwenyewe hakuigusa, aliwawekea wageni. Nimekuwa mzee sasa na jambo hilo bado linanichoma.

Padri mkuu alinikamata mara mbili. Mara ya pili hakunifokea. Alisema tu kwamba nikionekana nimelewa tena, nitafunga sanduku langu siku hiyo hiyo na kurudi kwetu. Nikaapa. Nilikuwa hodari sana wa kuapa.

Mpishi wetu aliitwa Nassibu, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na reli akanogewa. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kupokewa huko na babu zao. Mtani wako atakupokonya kofia, atakutukana mbele ya mkweo, na ukikasirika ni wewe mwenye makosa. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Huko huvaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akasema kama marehemu, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yakiwatoka. Nassibu alinitania kila siku kwenye foleni ya ugali, nami nikamjibu, na sikufikiri zaidi ya hapo.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane nilipangiwa kufundisha hesabu darasa la pili, katika shule ya mazoezi iliyo jirani na chuo. Niliingia nikiwa nimekunywa. Niliandika ubaoni maneno yaliyoteremka mpaka sakafuni, nikasahau saba mara nane, kisha nikakaa kwenye kiti nikalala. Watoto walikaa kimya wakiningoja niamke. Hawakunisemea kwa mwalimu wao, ila Nassibu alipowapelekea uji walimweleza yote.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda Mtendeni asubuhi na kurudi saa saba mchana, nikajitupa kitandani na viatu vyangu. Kilichonizindua ni kilio. Mtu alikuwa akilia barazani, kilio cha msibani hasa, akilitaja jina langu.

Nikajikokota mpaka mlangoni. Nassibu alikuwa amejifunga khanga ya mkewe kiunoni, juu amevaa shati langu na kofia yangu ya chuo, chaki mkononi. Wanafunzi walikuwa wamejaa uani. Alipepesuka kama mimi, akajishika nguzo kama mimi, akaandika ukutani mstari unaoteremka. "Watoto," akasema kwa sauti yangu, ile sauti yangu ya kujidai, "saba mara nane ni ngapi? Msinijibu. Niacheni nilale." Akajilaza chini, akakunja mikono kifuani. Kisha akaketi na kuanza kulia upya kwa sauti yake mwenyewe: "Jamani, Mnyamwezi wangu amekufa. Marehemu Hilari, mtoto mdogo namna hii."

Wenzangu walicheka hadi wakashikana mabega. Nilitamani kumkamata shingo, lakini mtani hapigwi, na hata ningetaka, miguu haikuwa yangu.

Basi kicheko kikakatika upande wa lango. Nikageuka kutazama.

Baba yangu alikuwa amesimama pale. Vibuyu vitatu viliposhindwa kuponya kifua, yeye aliona si kifua cha kawaida. Alikuwa ameondoka Igalula kwa gari la moshi la asubuhi aje anipeleke hospitali. Debe la asali lilikuwa bado kichwani mwake. Alimwona Mzaramo katika nguo zangu, akalisikia jina langu na neno marehemu, na Mnyamwezi yeyote anajua mtani hufanya hivyo siku gani. Debe lilianguka. Baba akapiga magoti mavumbini, mikono juu ya kichwa.

Nilimkimbilia. Nilianguka mara mbili katika hatua thelathini, nikafika kwa magoti, nikamwambia baba, mimi hapa, sijafa. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Alinipapasa masikio, shingo, kifua, akawa anasema asante, Mungu wangu, asante, tena na tena, mtu ambaye sikumsikia akisema maneno kumi kwa siku. Alinivuta karibu. Ndipo alipoisikia pumzi yangu. Akanusa tena.

"Hii ni mtundu," akasema. "Hii ni asali yangu."

Padri mkuu alikuwa amefika, ameitwa na zile kelele. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, kwamba nilichanganya dawa, na nadhani angeweza kuuamini. Lakini mikono ya baba ilikuwa bado usoni mwangu.

"Sina kikohozi, baba," nikasema. "Sijapata kukohoa hata siku moja. Asali yote niliinywa."

Nilisema mbele ya chuo kizima, kwa Kinyamwezi, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili Padri asikie. Nikamwambia Padri kwamba naenda kufunga sanduku.

Padri alimtazama baba, akalitazama debe lililomwagika, akanitazama mimi. Akasema mlevi aliyesema kweli bila kuulizwa hajapata kumwona. Akaamua kwamba nitabaki, ila kila Jumamosi na kila Jumatano nitashinda jikoni kwa Nassibu mpaka mtihani wa mwisho, na siku nitakayokosekana ndiyo siku ya sanduku. Nilishinda humo mwaka mzima na zaidi, nikimenya mihogo, wiki za mwanzo mikono ikitetemeka mpaka Nassibu alininyang'anya kisu na kunipa sufuria za kusugua. Hakunisimanga. Namshukuru kwa hilo, namshukuru Padri, na nawashukuru hata wale watoto wa darasa la pili waliokaa kimya.

Lakini mchana ule sote tulidhani baba atamrukia Nassibu, maana utani nao una mpaka, na kumwombolezea mtoto hai mbele ya baba yake ni kuuvuka. Nassibu mwenyewe alidhani hivyo. Alikuwa amevua kofia yangu, anasubiri. Baba akainuka, akajifuta vumbi magotini, akamwendea na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mtani," akasema. "Umemlilia mwanangu wakati bado anasikia."

Nassibu, ambaye hakuwahi kukosa neno la kumjibu Mnyamwezi, alifungua khanga ya mkewe akajifuta uso nayo.