Nafasi ya Kiganja Juu ya Mlango

Lempi aliposhika njia, godoro lilikuwa nje tayari. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi godoro lilitoka nje, likafuatwa na mito, mablanketi, sufuria, saa ya ukutani na picha ya marehemu mama yake, kwa sababu nyumba aliyoishi na mumewe haikuwa nyumba. Ilikuwa sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke. Juma zima ni chumba cha kulala na jiko. Ikifika Jumamosi mawe yanakokewa moto mpaka kuta zinatoa jasho, majirani wanakuja na taulo mabegani, na mwanamume mzima anakaa uchi palepale Lempi anapokatia mkate.

Jumamosi hiyo godoro halikuegemezwa kwenye msonobari kama kawaida. Lilipandishwa kwenye pikapu ya Sylvi, dada yake Lempi, na mito ikapanda nayo.

Urho, mumewe, alikuwa amesimama katikati ya nyumba yao mpya, ambayo kuta zake zilikuwa zimemfika magotini. Alikuwa akimweleza jirani yao Arvo jinsi ya kutoa ganda la gogo: litolewe majira ya kuchipua, utomvu unapopanda, ndipo linavulika kama soksi. Ukingoja kiangazi utalichuna kama unamnyoa nguruwe. Akageuka, akaona.

"Mama, godoro unalipeleka wapi?"

"Mjini Hancock, kwa Sylvi. Kuna chumba. Kina mlango na dirisha, na hakuna mtu anayekuja kuoga humo."

Urho alitazama mawingu. "Mvua iko njiani. Lifunike turubai, uanzie kufunga upande wa upepo."

Lempi akalifunika turubai, akaanzia upande wa upepo. Katika mambo ya namna hiyo hakubishana naye, maana Urho hakuwa anakosea. Ndiyo ilikuwa taabu yenyewe.

Wafini wa kaskazini ya Michigan, Marekani, hujenga sauna kwanza. Mtu anapata ardhi yake msituni, anajenga sauna, anajibanza humo baridi moja na mkewe, mbili zikizidi, huku nyumba inapanda. Si aibu. Babu zao walifanya hivyo, na baadhi ya baba zao walizaliwa juu ya benchi la kuogea. Lakini Urho na Lempi walikuwa katika mwaka wa nane, na watu walikuwa wameanza kuliita godoro lile "bendera ya Kangas", kwa jina la ukoo wa Urho: likionekana nje, unajua maji ya moto yapo.

Wala Urho hakuwa mvivu. Angekuwa mvivu, Lempi angekwisha kumpiga mwiko wa mkate na mambo yakaisha. Urho alikuwa anajua mno. Alijua kwamba nyumba lazima ivae kofia pana na buti refu, yaani paa litokeze mbali ili mvua isiguse ukuta, na mawe ya msingi yainuke ili gogo la chini lisinywe theluji. Alijua kwamba chini ya sakafu unajaza vumbi la mbao lililokauka kabisa, ukilichanganya na chokaa, la sivyo umewajengea panya hoteli. Alijua majani ya kuziba kati ya gogo na gogo, yale mafupi laini yanayotanda kama zulia kwenye mawe ya kinamasi, kwamba uyatandike yakiwa na unyevu kidogo, maana makavu yanavunjika na mabichi yanaoza. Watu walikuja kutoka mbali kumuuliza, na Urho akaacha shoka akachemsha kahawa. Akiona ghala la mtu limeoza gogo la chini, moyo unamuuma; anakwenda kwenye rundo lake, anachagua gogo lililopumzika miaka, zuri, kavu, anampa. Lempi alikuwa anaitazama nyumba yake ikiondoka gogo kwa gogo juu ya magari ya wengine.

Na neno alilolipenda kuliko yote, alilomwambia kila mjenzi kabla hajamwacha aende, ni hili: juu ya mlango na juu ya dirisha, acha nafasi ya kiganja. Gogo likikauka hunywea, na nyumba hujishusha pole pole kama mzee anayekitafuta kiti. Usipomwachia nafasi ya kukaa, atakukalia wewe.

Sasa Lempi alikuwa ameshika mlango wa pikapu.

"Nitarudi siku utakayoniita jikoni," alisema. "Jikoni kweli, si kwa maneno. Nikae nimevaa sweta moja, na upepo usinishike shingo. Kabla theluji haijatulia chini. Ikishatulia, mimi ni mtu wa Hancock."

Pikapu ikaondoka. Jioni hiyo majirani walikuja na taulo zao, hawakuona bendera, wakarudi.

Tangu kesho yake Urho alijenga kama mtu aliyekimbizwa na nyuki. Aliyekuja kuuliza swali alijibiwa kutoka juu ya ukuta, na kahawa hakupewa. Kuta zikapita kiuno, zikafika kifua, kisha rundo la magogo makavu likaisha, kwa sababu nusu yake ilikuwa imelala chini ya maghala ya watu. Urho alikaa juu ya kisiki akafikiri kwa muda usiozidi sigara moja. Halafu akaingia msituni, akaangusha misonobari iliyokuwa imesimama na maji yake mwilini.

Arvo alipita, akagusa gogo, akanusa kidole.

"Jirani, hili bado linapumua."

"Litapumua ndani ya nyumba," Urho alisema. "Kuna nafasi ya kutosha."

Na nafasi ilikuwepo kweli. Alipotia fremu ya mlango aliacha kiganja kizima juu yake, akakijaza majani ya kinamasi kama desturi. Paa likakaa, jiko la kuni likaingia, na jioni moja yenye upepo akaketi kwenye kiti kilichopangwa kuwa cha Lempi, kati ya jiko na mlango, amevaa sweta moja, ili apime. Upepo mwembamba kama uzi ukapenya juu ya fremu, ukateremka, ukamgusa shingoni.

Aliongeza majani. Uzi ukapata njia nyingine. Aliyabana zaidi, akahamisha kiti, akakirudisha. Upepo ulikuwa unaijua ile shingo.

Theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka na kuyeyuka. Ndipo Urho Kangas, mbele ya macho yake mwenyewe, alipoyatoa majani yote, akachonga pande la mwaloni sawasawa na ile nafasi, akaligongea kwa nyundo mpaka likakataa kwenda mbele. Madirisha nayo akayafanyia vivyo hivyo. Akapigilia mbao za urembo juu, upesi, kama anayefunika chungu asichotaka kuulizwa kimepikwa nini. Akakaa kwenye kiti. Kimya. Shingo yake ilikuwa na joto kama ya mtoto mgongoni.

Alituma habari Hancock: njoo Jumapili, jikoni.

Katikati hapo mlango ulianza kukwaruza. Urho akasema ni unyevu, akaupiga randa kidogo kwa juu. Baada ya siku chache ukakwaruza tena, akaupiga randa tena. Jiko lilikuwa linawaka mchana kutwa, yale magogo mabichi yanalia na kupasuka kwa raha, na Urho anajiambia kwamba mbao nayo ina jeuri yake ya ujana. Mtu mwingine angemletea habari hiyo, angemcheka mpaka kahawa imtoke puani.

Jumapili wageni walifika mapema. Ni desturi kuingiza mkate na chumvi katika nyumba mpya, na hakuna aliyetaka kukosa nyumba iliyongojewa miaka minane. Alikuja Arvo na mkewe, alikuja Mchungaji Hokkanen, mtu mnene mwenye baraka ndefu, wakaja na wengine mpaka viti vikaisha. Waliketi wakala mkate wa iliki, wakanywa kahawa. Mchungaji alikunywa kuliko wote, kwa kuwa kila aliyemmiminia alijiona ni wa kwanza kumkaribisha. Aliyeingia mwisho aliusukuma mlango kwa bega ili ufungike. Ukafungika.

Lempi alikuwa bado hajafika.

Mchungaji ndiye aliyesimama kwanza, akauliza kwa adabu choo cha nje kiko upande gani. Akashika kitasa. Akavuta. Arvo akaja kumsaidia, halafu watu wanne, na kitasa kikabaki mikononi mwao. Waliyajaribu madirisha; hayakutikisika, ila kile kidirisha kidogo cha hewa jikoni, ambacho kingempitisha paka, si mchungaji. Vifaa vyote vilikuwa saunani, kwa sababu Urho alikuwa amesafisha nyumba kwa ajili ya mkewe.

Arvo aliinua macho kwenye ubao wa urembo. Akaingiza ncha ya kisu cha siagi, akauinua kidogo, akachungulia. Akaurudisha polepole.

"Urho, ndugu yangu," alisema, "nikumbushe. Yule mzee anayekitafuta kiti, asipopata, anamkalia nani?"

Chumba kizima kilijibu kwa pamoja, kama darasa. Kila aliyekuwepo alikuwa amefundishwa. Urho alitazama sakafu yake, iliyojazwa vizuri sana vumbi la mbao na chokaa.

Hapo pikapu ikasikika. Lempi aliteremka kwa koti lake la kanisani, akausukuma mlango wa nyumba yake kwa mkono mmoja, ukamgomea, akazunguka mpaka kwenye kidirisha cha jikoni. Nyuso zikamtazama kutoka ndani kama dagaa kwenye chupa.

"Karibu," Urho alisema.

"Nimeshakaribia. Nikaribie vipi zaidi?"

Urho akamweleza. Hakuficha: magogo mabichi, pande la mwaloni, randa. Lempi alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe," alisema, "ambaye kwa ajili ya nafasi hiyo nimelala saunani miaka minane. Kwa nini uliiziba?"

Mchungaji alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Ulisema upepo usikushike shingo," Urho alisema. "Nilikaa kwenye kiti chako. Ulikuwa unashika."

Theluji ilikuwa imeanza, ile laini isiyo na haraka, ikitua kwenye mabega ya koti lake, na safari hii haikuwa inayeyuka. Akaitazama. Akageuka, akaenda zake. Sylvi, ndani ya pikapu, akawasha injini. Mke wa Arvo akaanza kulia kidogo.

Kisha mlango wa sauna ukasikika, na Lempi akatoka na mtaimbo na msumeno wa injini.

"Mama, huo una nguvu," Urho alipiga kelele kwenye kidirisha. "Simama pembeni, usianze na ncha, ukate pande katikati kwanza, halafu—"

"Urho."

"Naam."

"Nyumba hii nitaimalizia mimi."

Akaung'oa ubao wa urembo wa upande wa nje, akavuta kamba ya msumeno. Vumbi la mwaloni likamwagika juu ya koti lake lote la kanisani. Alikata mara mbili, akapiga kwa mtaimbo, pande likadondoka. Fremu ikapumua kwa mlio kama wa mtu aliyefungua mkanda baada ya kula, na mlango ukafunguka wenyewe. Wa kwanza kutoka alikuwa Mchungaji, ambaye hakumsalimu mtu. Lempi alisubiri wamalize kutoka, akaingia, akaketi kwenye kiti kilicho kati ya jiko na mlango. Upepo ukaja kama uzi, ukamshika shingo.

"Unashika," alisema. Akajifunga mtandio shingoni. "Nipe kahawa."

Nafasi ilijazwa majani ya kinamasi na haikuzibwa tena. Nyumba ilishuka upana wa vidole viwili, ikatulia. Lempi alivaa mtandio jikoni kila baridi. Urho aliendelea kutoa ushauri, ila kahawa ilichemshwa na Lempi, na ikiisha birika, ushauri ulikuwa umekwisha. Mchungaji Hokkanen alihamia usharika mwingine, Minnesota, na inasemekana hata huko haketi mbali na mlango. Arvo alijenga nyumba ya mwanawe, akaacha viganja viwili kwa hofu. Urho alifariki kabla ya mkewe. Lempi aliishi humo mpaka uzee ukamshinda, ndipo akahamia Hancock kwa Sylvi, ambako godoro lilikuwa bado lipo. Sauna ilibaki ya kuogea tu.