Mafundo Kwenye Kiti cha Daktari

Meza yangu ya kukatia vitambaa haiguswi na mtu. Binti wa kaka yangu, ninayeishi naye, analijua hilo tangu alipokuwa anatambaa. Kwa hiyo madaftari yake huyafungulia sakafuni, na karatasi anazojaribia hesabu huzichana na kuzificha chini ya mabaki ya vitambaa kwenye pipa langu, ili jibu lionekane limedondoka tu kutoka mbinguni.

Mwalimu alikuwa amemchagua kwenye timu ya hesabu. Jumatatu alitakiwa kutoa jibu, naye alishaamua kukataa.

"Kwa nini?" nilimuuliza, pini mdomoni.

"Mwenzangu, yule mtoto wa daktari, anajibu papo hapo. Mimi mpaka nizunguke weee. Halafu ananiambia, 'Nyinyi watu wa mtaa wenu mna bidii sana.'"

"Si amekusifu?"

"Shangazi, bidii ni ya wasio na akili. Wenye akili wanakaa tu, kitu kinakuja chenyewe. Ndiyo maana wao wana nyumba ile na sisi tuna hii."

Nilikasirika mpaka nikajichoma pini.

Jumamosi nilikwenda naye kwa daktari huyohuyo, mama wa mwenzake, kutundika mapazia ya chumba cha kusomea. Ni daktari wa upasuaji, na watu hutoka mbali kumfuata. Mikono yake husifiwa kwa sauti ya chini, utadhani alizaliwa nayo ikiwa imeshahitimu. Tulipomaliza nilimwambia binti aokote kila uzi, tusije tukaacha uchafu kwenye nyumba ya watu, nikageuka kukunja ngazi.

Niliporudisha macho, alikuwa na mkasi wangu mkono mmoja, na mkono wa pili fungu la nyuzi nyeusi, nene kama msuko wa nywele, mafundo juu ya mafundo. Alikuwa amelikata kwenye mgongo wa kiti akidhani ni uchafu wangu.

"Hizo si zangu," nilisema.

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni. Aliangalia kiti, akaangalia lile fungu, akacheka kidogo. "Usiogope, mwanangu. Hayo yameshafanya kazi yake."

Akatoa uzi mpya kwenye droo, akaketi sakafuni mbele ya kiti, akaanza kufunga upya. Mkono wa kulia, sawa. Mkono wa kushoto, uzi ukakatika. Akaanza tena, ukakatika tena. Akaanza tena.

"Daktari," binti aliuliza, "kwani hujui kufunga fundo?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ninajua. Lakini Jumatatu nina moyo wa kushona, wa mtoto aliyezaliwa juzi. Ni mdogo kuliko ndimu. Nikivuta sana, unachanika. Nikilegeza, unavuja."

Vidole vyake vilikuwa na michirizi myembamba ya uzi, mipya juu ya ya zamani. Nimeshona maisha yangu yote, na sijawahi kuona mtu akikosea kwa heshima namna ile. Nilistaajabu mpaka machozi yakanilenga.

Mwanawe akatokea nyuma yetu. "Mama, unafanya nini?"

Kumbe hata yeye hakuwahi kuona, maana siku zote mlango huo hufungwa. Daktari alianza kukisukuma kiti nyuma ya meza, akasita, akakirudisha.

"Najifunza," alisema. "Bado sijaweza."

Yule mwenye majibu ya papo hapo alikodoa macho. Akasogea, akasimama bega kwa bega na binti yetu, na wote wawili hawakubanduka mpaka fundo la mkono wa kushoto lilipokaa.

Tulipofika nyumbani binti alikwenda moja kwa moja kwenye pipa langu, akachimbua vipande vyake vya karatasi na makosa yake yote, akavitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja. Akaanza kuviunganisha.

"Jumatatu nitamwambia mwalimu nimekubali," alisema bila kuinua kichwa. "Ila hii bado sijaiweza."

Nilifungua mdomo kumfokea. Kisha nikakunja kitambaa, nikamwachia meza.