Weli ya Mwalimu Ezekia

Kiharusi kilipompata Mwalimu Ezekia kilichukua mguu wa kulia, kikachukua mkono wa kulia, kikabeba na maneno yote aliyoyakusanya kwa miaka sabini na mmoja. Kikamwachia neno moja tu, tena la Kiingereza. Weli. Hakikumwachia "maji", hakikumwachia "Mungu", hakikumwachia hata jina la mkewe, Adelina, ambalo alikuwa akiliita kutwa mara hamsini: Adelina miwani yangu iko wapi, Adelina nani kazima redio. Hebu niambie, kama huo si uchokozi ni nini?

Daktari wa hospitali ya Kitete, Tabora mjini, alisema hayo hutokea. Neno ambalo mtu amelitumia mno hujichimbia mahali pake kichwani, na ugonjwa ukipita unaliruka. Na kweli, Mwalimu alifundisha Kiingereza shule ya msingi miaka thelathini na sita, na kila kipindi alikifungua kwa neno hilo. Anaingia, anaweka chaki mezani, anawatazama watoto mmoja mmoja, halafu, "Weli..." Watoto wa Itetemia wakampachika jina hilohilo. Hadi leo watu wazima wenye wajukuu wakipita pale barazani husema, "Shikamoo, Mwalimu Weli."

Adelina Kiingereza hakijui. Alichokijua ni kile alichosimuliwa siku moja wakila ugali, zamani, wakati Mwalimu bado ana maneno ya kumwaga. "Neno hili halichoki," alimwambia. "Mgonjwa akipona, ni hilo. Kisima cha maji, ni hilo. Kazi ikifanywa vizuri, hilo. Ukishangaa, hilo. Na ukiwa huna la kusema kabisa, unasema hilo, watu wanadhani unafikiri." Adelina alicheka mpaka mboga ikampalia. "Masikini Wazungu," alisema, "maneno yaliwaishia mapema." Sasa, miaka ishirini baadaye, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, naye ndiye wa kujifunza.

Alijifunza. Mvua za masika zilimkuta hajui kitu, kiangazi kikamkuta anajua weli kumi na mbili. Ile fupi, kavu, ni maji. Ile ya kuvutwa ni nigeuze, ubavu unauma. Ile inayopanda juu mwishoni ni nani huyo anapiga hodi. Kulikuwa na weli ya ugali umeungua, hiyo ilitokea puani, na weli ya redio inadanganya. Jioni wakisali Baba Yetu Mwalimu alikwenda naye sambamba, weli weli weli, kila silabi mahali pake, mpaka kwenye amina, na Adelina hakuwa na shaka hata kidogo kwamba inafika. Mungu naye si mgeni wa lugha.

Mchana, mzee akilala, usingizi ulimchukua na yeye palepale kwenye kigoda. Nyuma ya shamba lao ilipita njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi kwenda Ujiji na kurudi pwani, siku hizi ni kijia cha mbuzi. Ndotoni Adelina aliliona lile neno likipita njiani humo, jembamba, lina ngata kichwani, limejitwisha. Likifika kambini linatua mzigo wa maji, linajitwisha mzigo wa uzima. Linatua uzima, linajitwisha mshangao. Halisemi limechoka. Alilisalimia, "Wangaluka," likamwitikia kwa sauti ya mumewe kijana, ile sauti aliyomposea. Akiamka anakuta mate yamemtoka na moshi wa mashamba yanayochomwa umejaa chumbani, mwepesi, wa rangi ya maziwa, na mzee anamtazama. Alizipenda saa hizo. Ni saa ambazo hakuna aliyehitaji kusema kitu.

Basi siku moja simu ikalia. Alikuwa Masele, mdogo wake Mwalimu, anayeishi Lusu kule Nzega.

"Shemeji, Jumamosi nakuja na wazee wawili. Tumekaa kama ukoo. Tunamchukua kaka, tuje tumuuguze nyumbani."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika, shemeji. Umechoka. Baki uangalie nyumba."

Adelina alishika simu muda mrefu baada ya kukatika. Lusu alipajua. Miaka thelathini na nne iliyopita aliitwa huko, yeye ambaye Mungu hakumjalia mtoto, akakuta ukoo umemwandalia Mwalimu binti wa kumwoa, tena binti mwenyewe kakaa mkekani, kajipaka mafuta. Mwalimu hakugusa chakula. Alimshika mkewe mkono, wakaondoka jua likiwa utosini. Hawakulizungumza tena. Lakini mtu unaweza usizungumze jambo na likakaa nawe mezani kila siku. Lusu kulikuwa na watoto, wajukuu, kelele za watoto kuanzia asubuhi. Je, kama mzee sasa anazitaka? Nani angemlaumu? Na akiondoka, nani atamtofautishia ya maji na ya ubavu? Atakufa na kiu katikati ya watu wanaompenda.

Ijumaa alasiri alikusanya moyo akamuuliza.

"Mwalimu. Unataka kwenda Lusu?"

"Weli," alisema Mwalimu.

Loh! Hii hakuijua. Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana. Ilitoka polepole, laini, halafu ikaachwa wazi, na macho yakamwangalia tu. Akamuuliza tena. Ikaja ileile. Adelina akatoka nje, akaenda nyuma ya jiko, akalia kilio cha kujiziba mdomo kwa kitenge.

Jumamosi wakaja. Masele, mwanamume wa miaka sitini, mpole, alimwinamia kaka yake akamshika mikono miwili. Huwezi kusema hampendi. Wazee wawili wakakaa kwenye viti, Adelina akakaa mkekani. Mwalimu aliwekwa kwenye kiti chake cha kuegemea, kavalishwa shati jeupe.

"Shemeji amejitahidi," Masele alianza. "Lakini mtazameni. Amekonda. Kaka ni mtu mkubwa, anamnyanyuaje? Kwetu wapo vijana, wapo wanawake. Damu ni nzito kuliko maji."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema Adelina. "Mimi sijalalamika."

Mzee mmoja akakohoa. "Mwenyewe anasemaje?"

"Atasema nini, baba?" Masele alisema kwa huzuni. "Ana neno moja. Mtoto wa mwaka mmoja anamshinda. Akili imekwenda, ndiyo hali, tukubali."

"Haijakwenda!" Adelina alisema. "Anasema. Mimi namwelewa."

"Basi tuambie. Ulimuuliza juu ya Lusu?"

Uongo ulikuwa pale pale, mdomoni, mtamu. Angesema amekataa, nani angembishia? Lakini mume wake alikuwa anamtazama.

"Nilimuuliza," alisema. "Sikumwelewa."

Masele akaanza kuinuka, akasema gari lipo nje. Adelina aliona nyumba yake itakavyokuwa Jumapili asubuhi, kitanda kimetandikwa, kigoda peke yake.

"Hodi! Hodi! Mbona hamjaanza kulia, kuna nini?"

Akaingia Twalibu, mstaafu wa reli, Mzaramo. Babu yake alipanda bara na msafara kutoka Bagamoyo, akaonja asali ya Tabora, akakataa kurudi. Mzaramo kwa Mnyamwezi kama Mwalimu ni mtani, utani uliozaliwa njiani humo humo kwenye misafara, na mtani hafungiwi mlango. Hana kikao asichoingia, wala neno asiloweza kusema, na anayemkasirikia ndiye mwenye kosa.

"Nimesikia Mnyamwezi kafa," alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Nimekuja tugawane. Mguu umekufa, mkono umekufa, ulimi ndio usiseme. Alichobakiza ni mke tu. Huyu ni wangu." Akamshika Adelina mkono, akamwinua. "Mama, funga mzigo. Hili gogo linakwenda Lusu, wewe unakuja kwangu kula wali. Umechoka na ugali wa hawa wabeba mizigo."

"Weli!" ikatoka kitini.

"Ati? Mpagazi kasema nini?"

"Weli! Weli!"

"Jamani mmesikia? Kamtukana mama yangu! Kwani mama yangu alikukosea nini zaidi ya kukataa kuolewa na mbeba pembe?"

"Weeeli," alisema Mwalimu, kwa madaha, kichwa kikitikisika, akaonyesha kwa mkono wake mzima ile ngoma ambayo Wazaramo huambiwa wanaicheza mpaka shamba linaota majani. Mzee mmoja akaangua kicheko. Twalibu akajibu, Mwalimu akajibu, wakarushiana, na kila weli ilikuwa na ncha yake, hii ya dharau, hii ya kuapa, hii ya toka mbele yangu. Twalibu alipojaribu kumvuta Adelina kuelekea mlangoni, Mwalimu alinyakua kofia yake kichwani akamrushia ikampiga sikioni. Wazee walicheka mpaka wakafuta macho.

"Wee Masele," alisema mkubwa wao, "mtu huyu yumo ndani, mzima."

Masele peke yake hakucheka. Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti, akamwuliza mwenyewe, taratibu.

"Kaka. Twende Lusu?"

"Weli," alisema Mwalimu. Ileile ya jana. Laini, ikaachwa wazi.

Adelina akafumba macho. Alipoyafumbua, Masele alikuwa amesimama. Amesimama wima, mikono nyuma, mvi zake zote na tumbo lake la uzeeni, amesimama vile wanavyosimama watoto wa shule.

"Vipi?" akauliza mzee.

"Alinifundisha darasa la tano na la sita," alisema Masele. "Hakuna hata siku moja aliyotuambia mtu amekosa. Ukimpa jibu la uongo anasema hivyo, kisha anakungoja. Hata kengele ilie, anakungoja. Mpaka useme lile unalolijua."

"Sema basi," alisema Twalibu, bila utani sasa.

Masele aliwageukia wazee. "Miaka sita sijakanyaga hapa. Alipougua nilituma salamu tu. Nilitaka kumpeleka Lusu ili watu waone nami ni ndugu." Akainamisha kichwa. "Kwako ni hapa, kaka. Nalijua hilo."

Mwalimu akamwashiria kwa macho akae. Kisha akageuka polepole, akamtazama mkewe.

"Weli," alimwambia.

Adelina hakuwahi kukaa kwenye darasa lake hata siku moja. Akasimama hata hivyo, bila kujua mikono aiweke wapi.

"Nilidhani unataka kwenda kwenye watoto," alisema. "Miaka yote hii nilidhani ulinivumilia tu. Siku ile kule Lusu nilidhani umenionea huruma." Mwalimu alikuwa bado anangoja. "Hapana. Hukunionea huruma. Ulinitaka mimi."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, mara moja, na Adelina akakaa palepale sakafuni akalia kwa sauti, mbele ya wakwe zake.