Mtungi wa Uani

Habari hii kanipa Ruweida, mjukuu wa dada yangu, siku alipotoka arobaini akaniletea mwanawe nimwone hapa Vitongoji. Alisema nami huku akitazama mlango, kama mtu anayeogopa kusikiwa. Naiandika kwa sababu huko Chake wapo mpaka leo wanaosema Haitham kaua mtu. Haitham hakuua.

Haitham ni kakaye Ruweida, kazi yake kufunga mabomba. Ruweida alipojifungua, kule Madungu kwa mumewe, aliyemkanda ni mavyaa wake, Bi Kazija. Asubuhi na jioni akichemsha maji kwa kuni uani, maji ambayo mkono hauyavumilii, akiyabeba kwa ndoo na mgongo wake mwenyewe mbovu. Suhail, mwanawe, ndiye mume wa Ruweida, akamwonea huruma mamake. Akanunua hita ya gesi ya kuchemshia maji, akamwita shemegi yake aje aifunge.

Haitham akaifunga ukutani kwa nje, upande wa choo, maana ndani, alisema, mtu hukosa pumzi. Mtungi wa gesi akausimamisha uani juu ya tofali. Akakaza mpira wa gesi kwa vibano, akafungua gesi, kisha akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Bi Kazija kasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Makubwa! Mtungi nao waoshwa kama mtoto?"

"Naangalia kama wavuja, mama. Povu likifura, ujue gesi yatoka."

Halikufura.

"Sasa nisikilize, mama. Mtungi usikae karibu na moto. Ukisogezwa, hata kidogo, nipigie simu nije nitie povu tena. Na ukinusa harufu ya yai viza, funga hapa, fungua milango, usiwashe kiberiti."

"Nimesikia, fundi. Mie si mtoto."

Siku ya saba ikafika, ya akika. Uani yakapangwa mafiga ya pilau, kuni zikalia, cheche zikaruka. Ruweida alikuwa kitandani, mlango wazi, anamwona mavyaa wake anatazama mtungi, anatazama mafiga. Bi Kazija akaita, "Suhail! We Suhail!" Hakuja mtu. Basi akaukumbatia mtungi mwenyewe, akauburura hadi ndani, ushorobani, mbele ya choo. Mpira ukamfuata kupitia mlango wa nyuma, umevutika kama kamba ya mbuzi anayekataa kwenda.

"Mama, Haitham kasema ukisogezwa aitwe."

"Haitham kasema usikae karibu na moto. Moto si ule? Au wataka tupasuke sote?"

Mzazi wa siku saba hashindani na mkono unaomkanda.

Bi Kazija akafungua gesi. Maji yakaja moto, akacheka peke yake, akajaza beseni, akatia na majani ya mvumbasha.

"Mama, kwanuka."

"Pua la mzazi hilo. Jana si ulisema hata mumeo anuka?"

"Kwanuka yai viza, mama."

Bi Kazija akanusa. Kweli, kwanuka.

"Nitaufunga mtungi ukishakoga. Lakini mke wa shehe yuko njiani, nyumba yenye mtoto mchanga aikute inanuka hivi? Hebu kwanza nifukize."

Akachukua chetezo. Kiberiti hakuwasha, kwani kakatazwa. Alikwenda kwenye mafiga akateka makaa mekundu, akatia udi juu yake, akarudi nao moshi unamtangulia. Wakati huo wanaume barazani wanamtaka mtoto anyolewe.

"Nenda kampeleke," akamwambia Ruweida. "Urudi ukoge, maji yasipoe."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Ruweida alikuwa kizingitini pa mlango wa mbele, mtoto kifuani, nyumba ilipolia kishindo nyuma yake.

Walimtoa Bi Kazija kanga zimegandana na ngozi. Siku mbili alizolala hospitali hakusema neno, kisha akafa. Polisi walipouliza nani kaifunga gesi, Suhail akajibu, "Shemegi yangu." Wakamchukua Haitham siku ile ile.

Sasa aliyeona ni Ruweida peke yake. Na kwetu maiti hatajwi ila kwa wema. Kila mwanamke aliyeingia matangani alikuwa na lake: Bi Kazija kanilelea, Bi Kazija kanizalisha, mkono wake ulikuwa mwepesi. Nani atasimama katikati ya hayo aseme, mtungi kauingiza yeye? Mamake Ruweida akamshika mkono pembeni: "Nduguyo kafungiwa, na weye u kimya?" Ruweida akisema, amemtia aibu maiti mbele ya mwanawe. Asiposema, kakaye anakwenda jela.

Siku ya hitma, baada ya alasiri, Suhail akaja chumbani. Tangu msiba hajalala, macho kama nyanya.

"Nduguyo kaniulia mama."

"Suhail, nikuulize kitu. Asubuhi ya akika, ulipotoka kwenda kuchinja, mtungi ulikuwa wapi?"

"Uani. Juu ya tofali lake."

"Na ulipokuja kumtoa mama, mtungi ulikuwa wapi?"

Suhail akateremka pole pole mpaka chini, mgongo ukutani.

"Aliniita," akasema. "Aliniita, nikamsikia. Nikasema moyoni, atangoja, mikono ina damu ya mbuzi. Nilimsikia, Ruweida."

Akalia mpaka mtoto akaamka. Kisha akavaa kofia yake akatoka, akenda akawaambia polisi mtungi ulikuwa wapi na ulisogezwa na nani, na kwa nini. Magharibi ilipoadhiniwa karudi na Haitham. Haitham hakutaka kuvuka kizingiti.

"Mpira ningeukata mrefu kidogo..." akasema.

"Ingia, shemegi."

"Nitakaa hapa hapa barazani."

Ndani, mwanamke mmoja akawasha udi kwa ajili ya kisomo. Suhail aliposikia harufu alinyanyuka, akakishika chetezo kwa mikono miwili, akatoka nacho mpaka barabarani, akamwaga makaa mchangani na kuyafukia kwa kiatu.

Watu wakatawanyika. Mtoto akanyonya akalala, na mamake ubavuni pake. Haitham akajilaza barazani juu ya mkeka, kajifunika shuka la matangani. Suhail akafungua madirisha yote na mlango wa nyuma, upepo ukaingia hadi kitandani kwa mzazi, jambo ambalo Bi Kazija asingelikubali hata kidogo. Akatandika jamvi ushorobani, pale pale ukuta ulipoungua, akalala chali anasikiliza uani kama anayengoja kuitwa. Hakuitwa. Baadaye macho yakamshinda, naye akalala.