Nuru ya Kijani Kwenye Kioo

Kawia ufike, husema watu. Katika handaki la zege alimofanya kazi Wiebke Harms, aliyekawia hakufika.

Kioo kikubwa kama ukuta wa kanisa kilichorwa ramani ya kaskazini yote ya Ujerumani. Wasichana wa jeshi la anga waliketi nyuma yake, kila mmoja na kurunzi mkononi na waya sikioni. Kituo cha pwani kikitaja ndege ilipo, msichana husogeza nuru. Nyekundu ni adui, kijani ni wetu. Sauti ya kituo ikikoma, nuru huzimwa. Hakuna aliyelia mbele ya kioo. Watu walilia chooni.

Asubuhi hiyo ya Machi Wamarekani walikuja kwa mamia, na kijani ya Wiebke ilikuwa ndege ya kaka yake, Tjark. Tjark alianza na ndege zisizo na injini, enzi zile Ujerumani ilipokatazwa jeshi la anga na kijiji kizima kikajifanya huo ni mchezo wa vijana tu. Baadaye akapewa injini, kisha mabomu, kisha miji ya watu.

"Zima, shoga," alinong'ona Hedda wa kiti cha pili. "Kituo chako kimepigwa tangu wakati wa kahawa."

"Mbona bado wananisomea ilipo?"

"Nani?"

"Yule mzee wa kikohozi, wa kituoni. Anasema Tjark kageuka, anarudi."

"Usinifanyie mzaha, Wiebke. Huyo mzee wameshamfukua kifusini. Maiti."

Wiebke hakuzima. Nuru ikaiacha bahari, ikafuata mto Elbe taratibu, kama mtu anayeijua njia ya kwao. Upande wa pili wa kioo, Kapteni Rademacher mkuu wao, aliiona ikikaribia uwanja wa ndege, akapiga simu: mizinga inyamaze, mmoja wetu anatua.

Hedda akaufuata waya wa Wiebke kwa vidole, kutoka sikioni hadi chini ya meza. Ncha yake ilikuwa imelala sakafuni, haikuchomekwa popote.

"Yesu wangu," alisema, akakisogeza mbali kiti chake.

Simu kutoka uwanjani ililia. Watu wa huko walikuwa wamesikia magurudumu yakikwaruza nyasi, injini ikizimika, mtu akiruka chini na kukung'uta viatu. Hawakuona kitu. Na mizinga ikiwa kimya vile, Wamarekani waliingia wakiruka chini chini, wakachoma ndege zilizoegeshwa pamoja na mafundi waliokuwa juu yake.

Rademacher alizunguka kioo, uso umempauka.

"Binti Harms. Simama uwaombe radhi wenzako."

"Kwa kumrudisha kaka yangu?"

"Kwa kuniulia watu!"

Hedda alinyoosha mkono, akamvuta Wiebke sketi. "Sema neno moja tu, mwenzangu, yaishe."

Wiebke aliivua mashine ya sikioni. Kurunzi ilikuwa mapajani mwake, imezimwa. Juu ya kioo, ile nuru ya kijani ilitulia palepale uwanjani, na hakuna aliyethubutu kuitazama kwa muda mrefu.

"Siombi," alisema. "Leo siombi, na kesho mkiniita tena siombi."